Kioo cha Unga wa Nyanya

Uvumilivu wangu uliisha pale kwenye shimo la takataka nyuma ya shule, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa akilia mbele yangu, damu yake ikidondoka kwenye kitenge changu. Huyo mkubwa ndiyo kwanza ameanza chekechea. Alikuwa amejikata kiganjani. Nilipomfungua vidole nikakuta kipande cha kioo, kimevunjika upande mmoja, na upande wa pili kimebandikwa karatasi yenye maandishi ya bluu: MGUNGA, KANDO YA ZIWA. Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wangu mimi, wa utoto wangu.

Nikainama kuchungulia shimoni. Vioo vyetu vilikuwa mle, vinametameta kati ya majivu na maganda ya matoke. Askari wa lango akaja mbio.

"Nyabo, toka hapo. Hapo hakuna ruhusa."

"Nataka kuokota vioo vyangu."

"Hiyo iko mali ya shule."

"Mali? Si mumeitupa?"

"Imetupwa, lakini iko mali ya shule. Mpaka ofisi ikubali."

"Na hii damu ya mutoto yangu, nayo iko mali ya shule?"

Akasema, kwa upole kabisa, kwamba akina mama wa Kongo tuna midomo. Hapo ndipo nilipolipuka. Niliyoyasema siyaandiki, nyanya yangu alinilea kanisani.

Ngoja nikueleze, maana ukisikia vioo utafikiri dirisha.

Nyanya, mama wa mama yangu, ndiye aliyenikuza hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Kwetu Kivu ya Kusini alikuwa na mizinga kilimani, na asali aliijua kwa ulimi tu. Akionja alikwambia nyuki wametoka kwenye miti gani na mvua ilikuwa imefika wapi. Tulipofika huku akatundika mizinga tena. Alipovuna mara ya kwanza, alilamba kijiko, akakilamba tena. "Haya maua siyajui," akasema. "Ni kama ninakula chakula ya mupishi ambaye hatujasalimiana."

Jirani yetu alikuwa Mrundi, mwalimu wa biolojia, mwanamume wa shati jeupe na misa ya kila Jumapili. Alikuwa na hadubini kuukuu aliyoinunua Mbarara, ile ya kioo cha kuvuta mwanga wa jua, maana umeme hatukuwa nao. Akamwambia nyanya: "Mama, ulimi wako ni mgeni hapa, lakini chavua haidanganyi. Leta asali."

Chavua ni lile vumbi la maua ambalo nyuki anabeba miguuni. Nyingine inaangukia kwenye asali na kubaki humo. Tulikoroga kijiko cha asali kwenye maji ya vuguvugu, tukamimina kwenye vichupa vyembamba, na mwalimu akavifunga kwenye tairi la nyuma la baiskeli yake iliyopinduliwa matairi juu. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha pedali. Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi, nyanya akisimama mbali, akiogopa kichupa kisimrukie usoni. Mashapo yaliyobaki chini, yenye chavua, ndiyo tuliyoyataka. Tone moja kwenye kioo, tone la jeli ya gliserini yenye rangi nyekundu, kioo kingine chembamba kama ngozi ya kitunguu juu yake, halafu kuziba kando kwa rangi ya kucha.

Hiyo rangi ya kucha ilileta maneno. Nyanya, mama wa kwaya, alionekana sokoni akichagua kichupa. Jioni ile ile dada wa kanisa walikuja kuuliza. Akawaonyesha kucha zake zilizojaa udongo. "Ninapaka kioo," akasema. "Kama kioo kitaenda motoni, mutanijulisha."

Lakini kuona chavua peke yake hakutoshi, lazima ujue ni ya nani. Kwa hiyo tulichuma ua tunalolijua, tukakung'uta unga wake, tukatengeneza kioo chake, nikaandika jina. Chavua ya asali tukailinganisha na hiyo. Ya alizeti ina miiba pande zote. Ya mkaratusi ina pembe tatu, kama sambusa. Ya mahindi ni duara kubwa lenye tundu moja. Ya mgunga ndiyo niliyoipenda: chembe nyingi zimeshikamana kama mpira ulioshonwa kwa vipande. Sanduku likajaa. Tukajua nyuki wetu wanafika ziwani, wanafika kwenye mashamba ya wenyeji upande wa Masha, fasi ambazo sisi kwenda ilitupasa kuomba kibali. Nyanya aliwasalimia wakirudi jioni. "Mumetembea vizuri? Wenyeji hawajambo?"

Halafu, ndani ya hadubini, akatokea mgeni. Kila kioo cha asali yetu kilikuwa na chembe ndogo za mviringo, nyingine bapa chini kama kengele, na rangi nyekundu hazikuishika. Hazikufanana na ua lolote sandukuni. Mwalimu akakuna kichwa. Nyanya akasema hilo ndilo ua lenyewe linalompa asali ya huku ladha yake, na lazima tulione. Jumapili baada ya ibada tulitembea, tukichuma kila kilichochanua, mpaka wachunga ng'ombe wakamwita bibi kwa lugha yao: "Mukaka, unatafuta dawa ya nani?" "Natafuta mutu," akawajibu.

Msimu mzima tulitafuta. Mpaka siku moja mwalimu akaingia na kumkuta nyanya akichekecha unga wa muhogo kwa ajili ya bugali, juu ya meza ile ile tuliyoanikia vioo. Vumbi jeupe lilikuwa linashuka polepole juu ya kila kitu. Mwalimu akatazama meza, akatazama chekeche. Akachukua tone la mashapo ambalo halijafunikwa, akalidondoshea iodini ya kupaka vidonda. Zile chembe zote zikawa za bluu nyeusi, kama inavyokuwa wanga wowote.

"Mama," akasema, "ua lako liko kwenye sufuria."

Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alipotaka kutupa kile kioo cha kwanza chenye chembe hizo, nyanya akamshika mkono. "Acha. Mutoto, andika jina." Nikaandika: UNGA WA NYANYA. Akakiweka mwenyewe kati ya mgunga na alizeti. "Na sisi tuko hapa," akasema. "Tuingie kwa sanduku."

Siku hizi nimechoka, ndugu yangu, nakwambia ukweli. Naamka kupanga madumu kwenye foleni ya maji, narudi kuhangaika na kuni, watoto wawili, na chakula cha mgao kila mara kinapungua. Mwalimu alipata ndege ya kwenda mbali. Hadubini na sanduku letu akaviacha shuleni, akaahidiwa vitatunzwa kwa ajili ya wanafunzi. Nyanya amelala kwenye makaburi yetu hapa hapa. Migunga ya kando ya ziwa imekuwa makaa, na nyuki walihama bila kuaga. Wakubwa wapya wa shule walitaka stoo ya kuweka magodoro, wakatupa vioo shimoni. Hadubini sijui iko wapi. Mti wenyewe haupo tena, chavua yake ilibaki pale kwenye kioo tu, na kioo kimepita kwenye kiganja cha mwanangu.

Nilimfunga mkono kwa kitambaa, nikaenda kwenye meza ya malalamiko. Karani akaniuliza, "Mama, unalalamikia mkono wa mtoto ao takataka? Chagua kimoja." Nikamwambia, lete karatasi. Niliandika hivi:

"Mimi ni mzazi wa mtoto wa chekechea wa shule hii. Nalalamika kwamba shule ilitupa vioo kwenye shimo lisilofunikwa, wanapocheza watoto, na mwanangu amekatwa. Naomba shimo lifunikwe. Kabla halijafunikwa, naomba niruhusiwe kuingia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kuokota vioo ambavyo ni vizima. Mimea mingi naweza kuitafuta tena. Kuna kimoja kimeandikwa UNGA WA NYANYA. Hicho hakitengenezeki mara ya pili, kwa sababu aliyechekecha huo unga amekufa. Kioo kilichomkata mtoto nakiambatanisha hapa kama ushahidi. Mkimaliza kukitazama, nacho naomba mnirudishie."