Ozoni Iliyoshuka Mchangani

Kila kiangazi, mama yangu alikuwa akiishiwa pumzi mchana. Asubuhi aliamka mzima, akateremka kutoka nyumbani kwetu Nyamianda hadi ufukweni mwa ziwa, akanunua ndagala mbichi, dagaa wa kwetu, kwa wavuvi na kuzitandaza juu ya mchanga zikauke. Jua lilipokolea, kifua kilianza kumbana, naye alirudi akikorota kwa kila pumzi. Sisi tulilaumu vumbi la samaki. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini kazi ile ndiyo iliyotusomesha, na hakuwa tayari kuiacha.

Mwaka aliposhindwa hata kumaliza sentensi, nilimpeleka kwa daktari. Alimpa dawa ya kuvuta, kisha akamuuliza kifua hubana saa ngapi. Alipojibiwa, alitueleza habari za ozoni: moshi wa malori na pikipiki, pamoja na ule wa mashamba yanayochomwa bondeni upande wa Sange, ukipigwa na jua kali huzaa hewa isiyoonekana, ambayo huchubua njia za pumzi kama jua linavyochubua ngozi. Huzidi mchana, hupungua usiku. Hakujidai kuwa na uhakika. Mjini kwetu, alisema, hakuna kipimo cha kuithibitisha. Hata hivyo alimshauri mama asifanye kazi nje tangu adhuhuri hadi jua lipoe.

Shuleni tulifundishwa kwamba ozoni ni ngao ya dunia, nami nilikuwa nimemsimulia mama hivyo. Tangu hapo aliitaja katika sala zake za shukrani, baada ya mvua na kabla ya wajukuu. Sasa alinigeukia.

"Ozoni yako hii, Mungu aliiweka juu. Iko inatafuta nini huku kwa ndagala zangu?"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Akasema ni hewa ile ile. Kule juu hutukinga, huku chini hutuumiza.

"Basi ni kama shemeji," mama akasema. "Muzuri akiwa mbali."

Lakini ndagala lazima zigeuzwe adhuhuri, la sivyo huoza upande wa chini. Mimi saa hizo nipo kazini. Na pale mchangani kila mama hugeuza zake mwenyewe. Mkono wa mwingine ukizigusa, jioni hazikosekani lawama kwamba zimepungua. Mama aliwaeleza wenzake maneno ya daktari, akaongeza kwamba ataendelea tu kama zamani, Mungu atamsaidia. Ndipo jirani yake wa mchangani, mjane asiyependa maneno mengi, akasimama.

"Minye nitageuza," alisema. "Ukikuta zimepungua, ujue nimekula. Weye kaa ndani, upumue."

Hakuna aliyepinga. Siku iliyofuata mama alizitandaza asubuhi, kisha akashinda kivulini nyumbani, na nilipotoka kazini tulishuka pamoja kuzichukua. Ndagala zilikuwa zimekauka vizuri pande zote mbili. Mama alizizoa moja kwa moja hadi kwenye kikapu, bila kuzipima kwa macho, akamshukuru mwenzake kwa sauti yake kamili, isiyokatikakatika. Pumu haijaondoka, na dawa bado anaibeba. Lakini jioni ile nilisimama pale, viatu vyangu vya kazini vimejaa mchanga, nikimsikiliza akipumua, nikamwambia yule mjane asante.