Sahihi ya Mwenyewe

Mjomba wangu ni fundi plasta. Miaka ishirini na sita amelainisha kuta za watu, na saruji nayo ikamlainisha vidole. Alama hana hata moja. Dole gumba lake limekuwa kama mgongo wa kijiko.

Kampuni ya ujenzi anakofanya kibarua ilimpa neno moja tu: kesho asubuhi uje na kitambulisho, au hata fomu yake yenye muhuri, uajiriwe moja kwa moja; usipokuwa nacho, nafasi tunampa mwingine. Tukafika dirishani pa ofisi ya vitambulisho saa tisa na nusu, siku ya mwisho ya usajili. Ofisi hufungwa saa kumi.

Akaweka dole. Taa nyekundu. Akarudia. Nyekundu. Mara ya tano, nyekundu.

"Baba, mashine inasema hakuna mtu," karani akasema bila kuinua macho.

"Na mimi je?"

"Wewe nakuona. Mashine inamtaka mwenyewe."

Mama mmoja nyuma yetu akadakia, "Mzee, kama hukuja na mwenyewe, tupishe!"

Foleni nzima ikacheka. Kumi kasoro dakika nane.

Mjomba alinisimulia baadaye kwamba alianza kumsaka huyo mwenyewe kama mtu anayejipapasa akitafuta funguo. Kifuani akakuta moyo unadunda. Masikioni, feni inakwaruza. Machoni, kucha nyekundu za karani. Vitu vyote vipo, anayeviangalia haonekani. "Nilipekua kote, mpwa wangu. Hamna ndani, hamna nje. Feni inazunguka, basi. Hata wa kuogopa sikumkuta."

Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Nikamfinya. "Mjomba, utatufukuzisha!" Akajifuta kwa dole gumba, akalirudisha kwenye mashine likiwa limelowa.

Kijani.

"Haya, umepatikana," karani akasema. "Tia sahihi hapa, upesi."

Dakika mbili. Kalamu ikaning'inia juu ya mstari: *Sahihi ya mwenyewe*. Mjomba akaandika kwanza "k.n.y.", kama wanavyofanya maofisini wanaposaini kwa niaba ya bosi aliyesafiri, ndipo akasaini.

Muhuri ukasimama hewani. "Kwa niaba ya nani, baba?"

"Hata mimi namtafuta."

Karani akamtazama, akatazama saa, akatazama mkoba wake uliokwishafungwa. Pwaa! Muhuri ukatua juu ya ile k.n.y., ukaifunika yote.

Kisha akashusha pazia. Yule mama akabaki na dole lake hewani, lina mistari yote.