Mjomba Hajaamkiwa

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, niko juu kwenye Milima ya Uluguru, sare yangu ya uanafunzi imejaa tope mpaka magotini, nimewaka hasira. Wewe unayejiandaa kuingia chuo kikuu kusomea uuguzi, kaa unisikilize. Haya darasani utayaandika tu upate maksi.

Tulikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika zahanati ya kijiji kilicho mbali na barabara. Mwalimu wetu aliitwa Mama Tekla, mfupi, mkali, asiyepandisha sauti. Mimi nilikuwa mtoto wa Morogoro mjini, baba yangu kibarua wa kiwandani, na darasani nilikuwa naongoza. Nilijiona nimeshafika.

Basi akaletwa Mwanahawa, binti wa rika langu, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Mama Tekla akampima, akainua uso, nikajua. Alihitaji upasuaji. Gari la wagonjwa lingemngoja chini, barabara inapoishia. Mpaka kufika hapo ilikuwa abebwe kwa machela, kwenye mteremko unaoteleza.

Vijana wa kubeba walikuwepo, ila hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wanamtazama mjomba wao na wa Mwanahawa, Kibwana, mkulima wa ndizi wa makamo, amekaa kwenye benchi nje na kofia yake kichwani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mume mtu, masikini, alikuwa nyuma ya zahanati analia. Mjomba alikuwa ameshasema hapana, basi.

Nikapandwa na jazba. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mwalimu, tumchukue kwa nguvu! Huyu anataka kumuua mtoto wa watu!"

Mama Tekla akanivuta kando. "Tangu ufike, umemwamkia huyu mjomba?"

Nikageuka kumtazama pale kwenye benchi.

"Nimekuuliza."

"Hapana, mwalimu."

"Basi kazi hujaianza. Nenda katayarishe machela, kisha ukae na mgonjwa usikilize mapigo ya mtoto. Yakishuka, niite."

Mwanangu, malengo ya chuo chetu tulikuwa tunayakariri: weledi, uadilifu, utu, kumheshimu mgonjwa na jamaa zake. Nilikuwa nayamwaga bila kukosea. Lakini pale niliona mwalimu kachanganyikiwa. Mtu anakufa ndani, yeye anakwenda kusalimiana!

Kwanza alimwinamia Mwanahawa. "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kwenda," alisema kwa shida. "Ila mwambieni mjomba. Nikiondoka kwa ugomvi, nitarudi kwa nani?"

Mama Tekla akatoka. Dirishani nilimwona akikaa chini, kwenye udongo, mbele ya lile benchi. "Shikamoo, mjomba." Marahaba ilichelewa kuja. Akauliza habari za nyumbani, akangoja. Mimi ndani sikio langu liko tumboni kwa Mwanahawa, mapigo yanapungua, yanarudi, na yeye amenikamata mkono hadi vidole vinakufa ganzi. Nilitamani kupiga kelele.

Ndipo mjomba akafungua kinywa. Dada yake aliwahi kushushwa mlima ule ule, hospitali hakuna aliyemweleza yeye mjomba kitu, akakabidhiwa maiti tu.

"Pole sana, mjomba," alisema Mama Tekla. "Hukutendewa haki." Hakumtetea mtu. Akamweleza binti atapasuliwa wapi, kwa nini, na nini kinaweza kuharibika. "Siwezi kukuahidi kwamba watapona. Nakuahidi kwamba hakuna kitakachofanyika bila wewe kuambiwa. Nashuka naye mwenyewe."

Mapigo yakashuka, safari hii hayakurudi upesi. Nikaita: "Mwalimu!"

Mjomba akasimama. "Haya, shikeni machela," akawaambia wapwa zake, na yeye mwenyewe akashika upande wa mbele. Tulishuka kwa kuteleza na kuinuka, Mama Tekla pembeni anamsemesha Mwanahawa asizimie, mpaka tukalifikia gari na kupanda sote.

Hospitali wakampokea moja kwa moja. Tukakaa kwenye korido. Daktari akatoka, glavu zimeloa. Mtoto amelia, akasema, lakini mama anavuja damu nyingi na akiba ya damu ya kundi lake imeisha. Ndugu wako wapi? Mume akapimwa, ya kwake ikakataa.

Mjomba alikuwa ameshakunja mkono wa shati. "Nipimeni mimi. Na hawa vijana wangu wote, hakuna kuondoka."

Ya kwake ikakubali. Nilisimama pale nikiitazama inaingia kwenye mfuko. Nilikuwa nataka kumnyang'anya mpwa wake kule juu, naye abaki mlimani na hasira zake, sisi huku chini tunatafuta damu. Niliogopa vibaya sana. Mwanahawa alipona, na kabla hajaamka daktari alimfuata mjomba akamweleza kila kitu, kwa sababu Mama Tekla alisimama mlangoni mpaka ikawa hivyo.

Sasa nakuusia. Sikuambii upoteze muda: mwalimu wangu alikuwa ameshanituma machela kabla hajakaa chini. Mikono yako ifanye haraka, lakini mgonjwa umuulize anachotaka, na watu wake uwaamkie na uwaambie ukweli, hata ukweli unaokuumbua. Utasoma dawa na vipimo vyote, na uvisome sawasawa. Ila mgonjwa hukuletewa na vitabu, umeletewa na watu, na kuna saa uhai wake utakuwa mikononi mwao, si mwako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nguvu kwenye miguu, akupe subira na wale watakaokukasirisha, na kila utakayemshusha mlima akujalie umrudishe kwao anatembea.