Namna Shemeji Roger Alitafuta Ngozi Kindu

Shemeji yangu Roger, mudogo wa marehemu mume wangu, alifanya kazi ya shemaferi, kwenye treni, miaka makumi tatu na moja. Sasa amestaafu, ni kusema kila asubuhi anavaa viatu, anafika kwenye baraza, anavua viatu. Mwaka jana akaona kwenye telefone ya binti yake Naomie muntu mumoja amekaa kimya, anashona sakoshi, mufuko wa begani, ya ngozi, tundu kwa tundu. Akaangalia mpaka telefone ikazima.

"Mimi nitafanya hii," akasema. "Si ya kuuza. Ya kufurahisha mikono tu. Nibebe sakoshi yangu mwenyewe mbele ya kufa."

"Muntu anafanya kazi bila kuuza?" nikamuuliza. "Watasema wewe ni mulozi."

"Shemeji, ile ya kwanza ulikula. Ya pili uniache nishone."

Hapo lazima niseme mimi kwanza, maana akisema yeye anazidisha. Mwaka wa elfu mbili na mbili mji wetu Kindu ulizungukwa na watu wa bunduki. Aliyetoka kwenda shamba hakujua kama atarudi, na chumvi ilipimwa kwa kijiko cha dawa. Panya wenyewe walihama. Niliwaona kwa macho yangu wanavuka muto Lualaba kwa mtumbwi, mama panya amebeba sufuria kichwani. Roger alikuwa nayo sakoshi ya kazi, ngozi ya ngombe, nzito, imelainika kwa jasho la miaka. Yeye alikuwa amelala na homa, na mimi nilikuwa na watoto wanne ndani ya nyumba. Nikailoweka siku mbili, nikaipika siku nzima na sombe, majani ya muhogo. Vifungo nilitoa, mimi si mushenzi. Roger mwenyewe alikula, akaomba aongezewe. Alipopona njo akauliza sakoshi iko wapi.

Basi vyombo alivipata mbio. Sindano ya kushonea magunia akaisugua kwenye jiwe mpaka ikawa nyembamba. Uzi akatoa kwa wavuvi, ule wa nyavu, akaupaka nta ya nyuki kutoka Kailo. Cha kutobolea akafanya na waya wa mwavuli. Kisu akakata kwenye musumeno wa zamani. Vyote vikalala juu ya meza kwa mustari kama vya daktari, na Roger anaviangalia, na ngozi haiko.

Maana mbuzi wa Kindu anavaa nguo yake mpaka ndani ya sahani. Hapa hatumuchuni. Tunamubabua kwa moto, tunakwangua manyoya, tunamukata na ngozi yake, na ile ngozi njo watu wanagombania. Aliye na ngoma ya kuwamba ndiye tu anafikiri kitu kingine, na huyo naye anaiba.

Roger akaenda mtaa wa Kasuku kwa Léontine, mama wa Butembo mwenye duka la viatu. Léontine akasema, "Papa Roger, ngozi? Nitakuagizia Goma, itakuja na ndege." Tukangoja wiki sita. Ikafika imekunjwa vizuri, nyeusi, inangaa. Roger akashona mufuko mumoja, akautundika inje, jua likaupiga siku tatu. Ikabanduka kama ngozi ya muntu aliyeungua, na chini yake kitambaa.

"Hii ni plastiki, mama," akamwambia.

"Lakini imefanana," Léontine akajibu, na sura yake haina haya hata kidogo. "Wengine wanaishukuru."

Akaenda basi kwa Djuma, muchinjaji. Djuma akamupimia ngozi ya ngombe kwenye mizani, bei ya nyama. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza: huyu baba ana harusi? Anachukua ngozi nzima, sisi tutakula maneno? Mumoja akamushika shati. Roger akaikimbiza nyumbani na taxi moto, ile ya pikipiki, akaipaka chumvi, akaitandaza nyuma ya jiko langu kivulini, akaenda ngambo ya muto kutafuta magome ya mupera ya kuilowekea ili isioze.

Alikawia siku tatu. Mimi sitadanganya juu ya hili, nimedanganya juu ya mengine. Siku ya kwanza nilipita pale, ile ngozi ikaniangalia. Nikakata kipande kwenye pembe, kama kiganja tu, nikatia ndani ya maharagi. Nani atajua pembe? Siku ya pili nikaona ngozi imepinda upande mumoja, nikakata upande wa pili ili ziwe sawa. Hazikuwa sawa. Tangu ile njaa, nikiona ngozi meno yangu yanaamuka, wala hayaniulizi. Roger aliporudi na gunia la magome mugongoni, alikuta pale kipande cha kukalia kuku mumoja.

Hakunitukana. Afazali angenitukana. Aliweka gunia chini, akakaa juu yake.

"Mara mbili, shemeji," akasema.

Siku zile Naomie alikuwa anaolewa. Watu wa mume walileta mbuzi watano, na sisi tulipaswa kupika mumoja kwa kuwakaribisha. Roger akaniita kando.

"Baba ya binti ni mimi, mbuzi ni wangu. Huyu nitamuchuna."

"Wageni watakula nini?"

"Nyama. Nyama haiwatoshi?"

Nilikubali, kwa sababu ya deni la maharagi yangu. Asubuhi mapema Djuma akaja, akamuchuna yule mbuzi pole pole kama anamuvua muzee koti. Ngozi nzima, nyeusi yenye doa jeupe, haina tundu. Roger akaizamisha ndani ya pipa la maji na majivu, ili manyoya yatoke, akafunika na bati. Siku ile alicheka mbele ya watu, nilimuona.

Wageni wakakaa. Wali ukaja, sombe ikaja, nyama ikaja. Muzee Stéphane, baba ya bwana arusi, akachukua kijiko, akageuza kipande, akakigeuza tena. Akaweka kijiko chini. Watu wake wote wakaweka vijiko chini.

"Ngozi iko wapi?" akauliza.

Roger akageuza macho upande wa pipa, muzee akaendelea.

"Nyama isiyo na ngozi, nitajua aje kama ni mbuzi? Inaweza kuwa mbwa. Ao mumekula kilicho kitamu, mukatuachia sisi mabaki."

"Ni mbuzi, muzee," Roger akasema. "Ngozi nimeihifazi."

"Umeihifazia nani?"

Naomie akamuangalia baba yake, macho yamejaa. Roger akasimama, akaenda, akarudi na ngozi mikononi, inadondosha maji ya majivu juu ya viatu vyake vya harusi. Stéphane akaona manyoya na lile doa, akakubali kama ni mbuzi.

"Vizuri. Sasa muibabue, tuile. Tutangoja."

Roger alibaki pale. Aliikumbatia tu. Muntu wa miaka makumi sita na nane, na niliona kama ataitoa, maana binti ni binti. Njo nikaingia mimi.

"Muzee Stéphane, muile basi. Lakini musije kusema sikuwaambia. Kule Kailo kulikuwa bwana mumoja, alikula ngozi iliyolala ndani ya majivu. Asubuhi akaamuka na ndevu za mbuzi. Saa sita akamuita bibi yake, sauti ikatoka meee. Mpaka leo wanamufunga kamba, anakula majani ya viazi, na kodi analipa."

Kijana mumoja wao akacheka puani. Stéphane hakucheka, lakini alivuta kiti chake nyuma kidogo.

"Na kwa nini mumeitia majivu?"

Nikamuonyesha Roger kwa mudomo. Akaeleza yote: sindano, uzi, mwavuli, Léontine, sakoshi. Mimi aliniruka, Mungu amubariki. Aliposema kipimo cha mufuko, Stéphane akasikiliza kweli kweli.

"Haya," muzee akasema. "Tutakula nyama bila ngozi. Lakini fidia yetu ni hii: sakoshi itakayotoka kwa ngozi hiyo ni yangu mimi."

Watu wakapiga makofi, vijiko vikarudi kazini. Mimi hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Mwaka muzima wa kutafuta, ngozi moja tu, na inaenda mugongoni mwa muntu ambaye jana hatukumujua. Nikamuvuta Roger shati.

"Na yako wewe? Ingine utatoa wapi?"

"Sijui," akasema. "Haiko."

Akairudisha ngozi ndani ya pipa, akaweka jiwe juu ya bati, akaniangalia mimi, akaongeza la pili. Kisha akaenda kusimama nyuma ya Stéphane na kamba ya kupimia mukononi, akamuuliza kama anapenda mukanda mufupi ao murefu.