Sahani ya Visheti Iliyofunga Ukumbi wa Fundi Bashira

Alasiri ya Jumapili, watu wameshatoka msikitini, na Bashira Msabah ameinamia meza yake ya kazi. Mbele yake kuna pedi ya gemu iliyofunguliwa tumbo. Anakwangua kutu ya kijani kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, anabonyeza kitufe kimoja, anakibonyeza tena, anasonya.

"Hii imeuliwa na chumvi," anasema. "Watu wa Mji Mkongwe wanafungua madirisha wapate upepo wa bahari, halafu wananiletea mie vyombo vimeoza. Sisemi kitu. Ndiyo riziki yangu."

Mwanamke aliyevaa buibui anachungulia mlangoni. "Fundi, leo ipo?"

"Haipo, mwanangu."

"Na Jumapili ijayo?"

"Sijui."

Haujapita muda, anachungulia mwingine. Swali ni lile lile. Bashira anajibu bila kuinua kichwa, na kila akijibu sauti yake inazidi kukauka.

Wanachoulizia ni ukumbi wa nyuma ya karakana hii. Kila Jumapili, tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, wanawake wa mtaa huu walikuwa wakivua mabuibui yao humo, wakikaa juu ya mikeka, wakitazama filamu au kushindana gemu kwenye picha iliyojaa ukuta mzima. Huu ni mwezi wa pili ukumbi umefungwa. Kufuli lililoko mlangoni si la Bashira. Limewekwa na ofisi moja ya hapa mjini inayosimamia vibali vya maonyesho, na hana hakika kama atapata tena kuufungua.

Mwandishi wa makala haya hajawahi kuingia ukumbi huo. Ni mwanamme. Anayoyaandika ameyasikia kwa wenyewe, akiwa ameketi barazani, na mengine ameyasikia kwa walioufunga. Na akiandika kwa hasira, msomaji amwie radhi, kwani jambo lenyewe halina upole ndani yake.

Bashira ana umri wa miaka arubaini na moja. Kazi aliirithi kwa baba yake, fundi wa redio aliyefundisha vijana wengi wa kiume. "Wote wakakimbilia Dar es Salaam," anasema. "Nikabaki mie, mtoto wa kike, nnayeambiwa niondoke mezani nisije nikaungua. Nshaungua mara ngapi, na bado nipo."

Alipomaliza skuli alikuwa ameshanogewa na mashine za gemu. Alizifungua aone zinavyokwenda, kisha akawa hawezi kulala mpaka acheze. Leo anapokea pedi, televisheni, spika na mashine za gemu kutoka kila pembe ya mji. Pedi moja humlipa shilingi elfu nane, na mwezi mzuri humwachia kiasi cha laki tatu na nusu, za kula na za ada za watoto wake wawili.

Ukumbi aliujenga kwa vilivyotupwa. Hoteli za Kiwengwa zinapobadilisha fanicha, yeye hukodi gari na kwenda kuokota. "Televisheni ina ugonjwa mdogo tu, kama mafua, wao wanaizika," anasema na kucheka. Amerudi na spika za kwenye kumbi za mikutano na hata magodoro, ambayo ameyasimamisha ukutani ili sauti isitoke nje. Projekta yake aliiunga kutoka kwenye maiti tatu za projekta. Ilimchukua miaka miwili kupata taa inayoingia.

Kwa nini wanawake peke yao?

"Ala! Na wanaume wamekosa nini?" anauliza. "Wana maskani, wana vibanda vya mpira, wana mabanda ya gemu kila kichochoro. Mwanamke ana simu, na hiyo simu nayo mume anaichungulia. Hapa anavua buibui, anapiga kelele, anasahau kama kaacha vyombo havijaoshwa."

Bi Shemsa, jirani yake mwenye zaidi ya miaka sabini, anasema hilo si jambo geni. Sinema za mjini zamani zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yakiitwa zanana. "Tukijifukiza udi, tukibeba njugu zetu, tukilia filamu ya Kihindi mpaka wanja unashuka," anakumbuka. "Sinema zikafungwa, tukakaa tu. Bashira ndiye aliyeturejeshea."

Ila Bi Shemsa hakuja kwa ajili ya filamu. Alikuja kwa mbio za magari.

"Gari la kweli sijapata kuligusa usukani wake," anasema. "Lakini pale ukutani hakuna anayenipita. Huyu Nassra ananigonga kwa makusudi. Hana adabu!"

Nassra ni muuguzi, na amekaa pembeni yake akicheka. "Bi Shemsa anakata kona kafumba macho! Mie nimgonge vipi mtu asiyejua yuko wapi?"

Kiingilio kilikuwa shilingi elfu moja, na kwa wazee bure. Hakuna aliyewahi kulalamika mpaka nyumba ya jirani ilipouzwa ikawa hoteli.

Hoteli hiyo ilipeleka malalamiko kwamba vicheko vya wanawake vinawasumbua wageni wanaopumzika. Vicheko! Mchana kweupe, siku moja katika wiki! Hoteli hiyo hiyo hupiga muziki juu ya paa lake usiku wote, mtoto mchanga wa nyumba ya tatu halali, na hakuna ofisa aliyewahi kupanda ngazi zake kuuliza. Lakini mwenye hoteli alipopeleka neno lake, ofisi ilikuja mbio.

Walikuja wawili Jumapili moja, ukumbi ukiwa umejaa. Ofisa aliyewaongoza ni Bwana Abdulhakim, mzaliwa wa hapa hapa Unguja. Walipiga hodi vizuri, kama watu wenye malezi.

"Hodi ngoja! Kuna wanawake!" wakajibiwa kutoka ndani.

Bashira alijitanda kanga, akatoka. "Nikawaambia, karibuni barazani. Ukumbini hamwingii sasa hivi, wenzangu wamevua mabuibui. Nipeni nafasi wajitande, watoke, kisha muingie mukague mpaka mvunguni."

Wakakubali, wakakaa barazani. Sasa, mtu akikaa barazani kwako alasiri, Unguja hii, unamwacha mdomo mkavu? Bashira alifanya alilolelewa kulifanya. Alituma birika la kahawa na sahani ya visheti.

"Wakala," anasema Nassra. "Tena walikula wakamaliza. Yule mwenzake akauliza kama vipo vingine. Vikaletwa."

Wanawake walipokwisha kutoka, wakipita mmoja mmoja wameinamisha vichwa kama wezi, maofisa wakaingia. Walikuta mikeka, magodoro, pedi na projekta. Projekta wakaichukua, wakasema ni ushahidi. Mlango wakautia kufuli.

Siku chache baadaye Bashira aliitwa ofisini kusomewa makosa yake. La kwanza, kelele. La pili, kuwazuia maofisa wasiingie hadi yaliyokuwa yakionyeshwa yalipokwisha kufichwa. La tatu, kujaribu kuwalainisha maofisa kwa chakula.

Visheti! Jamani, visheti vya kahawa! Mtu anakula kwa mkono wake wa kulia, anaomba nyongeza, anafuta mdomo, kisha anakwenda kuandika kwamba amehongwa. Kama ile ni hongo, basi Unguja nzima iko hatiani, na mama zetu ndio wahongaji wakubwa.

"Ningewanyima, wangesema nina kiburi," anasema Bashira, na hapo kwa mara ya kwanza anakiweka chini kifaa chake. "Niliwaheshimu. Wallahi niliwaheshimu. Wameichukua heshima yangu wakanichapia nayo."

Uchungu mkubwa zaidi umetokana na kosa la pili. Neno la "kufichwa" lilipotoka ofisini, likazunguka mtaani kama moshi. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu picha chafu. Mume mmoja alimkataza mkewe kupita hata kichochoro hicho. Mteja wa siku nyingi alikuja kuchukua televisheni yake kabla haijatengenezwa.

Mwandishi alimfuata Bwana Abdulhakim ofisini kwake. Alimpokea vizuri na hakukwepa maswali. "Kama hakuna kibaya kinachofanyika mle," alisema, "kwa nini wanaume hawaingii?"

Mwandishi alimuuliza: nyumbani kwako, mgeni wa kiume akipiga hodi mke wako na mabinti zako wamekaa ukumbini, anaingia moja kwa moja?

Ofisa alipanga kalamu zake. "Hayo ni mambo ya nyumbani," alisema. "Sheria ni sheria."

Sharti la kufungua ukumbi, alieleza, ni ofisa kukaa ndani kila Jumapili kuangalia kinachoonyeshwa. Bashira alishaomba ofisa huyo awe mwanamke. Alijibiwa kwamba hakuna. Hakuna! Aliyemfungulia mwandishi mlango wa ofisi hiyo ni mwanamke. Aliyemwandika kwenye kitabu cha wageni ni mwanamke. Waliokuwa wakizungumza pale mwandishi alipokuwa akisubiri, wawili, wote wanawake. Bwana Abdulhakim alipoulizwa kuhusu hao, alisema wana kazi nyingine.

Mambo yangeishia hapo, yangetosha. Hayakuishia hapo.

Wiki tatu zilizopita ofisa huyo alirudi kwenye baraza la Bashira, safari hii na tabasamu. Bi Shemsa na Nassra walikuwepo, na wote watatu wanaeleza sawasawa. Alisema amepata suluhisho. Hoteli ya jirani iko tayari kutoa paa lake. Wanawake watakwenda huko kila Jumapili, wavae kanga zao nzuri, wacheze gemu na kutazama filamu kwenye skrini kubwa mpya, na wageni wakae pembeni na vinywaji vyao wakiwaangalia. Wageni watalipa kwa dola, na wanawake watapata fungu lao. Kibali hakitakuwa na shida. Projekta itarudi.

"Nikamuuliza, wageni hao ni wanawake?" anasema Nassra. "Akasema, mchanganyiko."

"Na picha watapiga?" aliuliza Bi Shemsa.

"Picha ndiyo biashara yenyewe, bibi," alijibu.

Yaani vicheko vilivyokuwa kelele chini, vikipandishwa juu ya paa vinakuwa bidhaa! Mlango ambao kuwafungia kaka zao waliozaliwa nao mtaa mmoja ni jambo la shaka, unatakiwa uwe wazi kwa mtu aliyeshuka ndege jana na kamera shingoni.

Mwandishi alimpigia simu meneja wa hoteli. Hakukanusha. Alisema wageni siku hizi wamechoka na ngoma, wanataka kuona maisha ya kweli ya watu. Alipoulizwa kama si yeye aliyelalamikia maisha hayo ya kweli, alisema ana kikao, akakata.

Bashira hakukataa papo hapo, na hataki kuandikwa kama shujaa. "Nilitamani," anasema. "Usinione hivi. Ile projekta nimeitafutia taa miaka miwili. Na jina langu lingesafika, kwa sababu ofisi yenyewe ndiyo ingekuwa imetoa kibali. Usiku nilikuwa nnajiambia, vaa kanga, cheka, chukua chombo chako."

Aliwaita wenzake wakazungumza. Wapo waliotaka kwenda. Nassra anakiri kwamba yeye ni mmoja wao, kwa sababu ya fedha, na haoni aibu kusema. Bi Shemsa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Nassra kama atapiga kelele vile vile anavyopiga siku zote, akiwa anatazamwa na wanaume wasiomjua. Nassra akafikiri. Akasema hapana, atakaa kistaarabu.

"Basi tunakwenda kufanya nini?" Bi Shemsa akauliza. "Kukaa kistaarabu mie nnakaa nyumbani kwangu bure."

Kesho yake Bashira alikwenda ofisini akakataa. Anasema Bwana Abdulhakim alimwangalia kama mtu aliyemwona mwehu, akamwambia asiiulizie tena projekta. Yeye anaendelea kuiulizia. Kila Jumatatu anakwenda, anakaa kwenye kiti cha wageni na buibui lake, na kila Jumatatu anaambiwa mwenye ufunguo wa stoo hayupo.

Wakati huo huo, mezani kwake kuna kitu kinachokaribia kuisha. Ni sanduku la mbao lenye mikono miwili. Ndani yake ametia televisheni nyembamba ya kutoka Kiwengwa, mashine ya gemu, spika mbili na pedi nne, kila kimoja kimefungwa kwa mkanda kisitikisike. Wanawake wawili wanaweza kulibeba. Kila Jumapili litaingia nyumba nyingine, na mwaliko utakwenda kama wa harusi: mwanamke atapita mlango kwa mlango, aalike kwa mdomo. Hakuna kiingilio, kwa hivyo hakuna onyesho la kuombewa kibali. Ni wanawake wamekwenda kutembeleana.

Wanawake wanaolima mwani Matemwe wameshasikia, wametuma salamu wakiuliza sanduku litafika kwao lini. Bashira amewajibu kwamba mji kwanza, halafu shamba.

"Ukumbi ulikuwa mmoja, wakatia kufuli moja," anasema, akikaza skrubu ya mwisho ya spika. "Sasa wakitaka kutufunga, wafunge nyumba zote za Unguja. Waanze na zao."

Mwandishi alimuuliza ni nyumba gani itakayokuwa ya kwanza.

Bashira aliinua uso, akamtazama kama anavyoitazama pedi iliyoingia maji. "Na wewe unataka kujua ya nini? Muulize mkeo. Kaalikwa tangu juzi."

Mwandishi alimuuliza. Mkewe alimaliza kukata vitunguu, akanawa mikono, akasema hajui lolote.