Update iliharibu rangi ya picha, nikamwachia mjane lawama

Habari zenu wakuu. Hii sijawahi kuisimulia, na sitaipamba.

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo Ruiru, kompyuta moja, skana na printa. Jamaa wa Thika akaniletea CD ya version mpya ya programu yetu ya kurekebisha picha. Nikaiweka siku hiyo hiyo, ya zamani nikafuta. Wanaoanza kazi hii, msifanye hivyo.

Kesho yake picha ya harusi ya mteja mmoja ikatoka nyuso nyekundu kama nyanya. Nilikuwa bado nakuna kichwa alipoingia Mama Njoki wa Kalimoni. Mumewe alikuwa azikwe Ijumaa, na alikuwa na picha yake moja tu akiwa peke yake, imepauka kidogo, ya kuwekwa kwa eulogy, kile kijitabu cha mazishi.

Nikaiskani, nikamvalisha marehemu koti na tai kama ilivyokuwa desturi ya studio zetu. Nikaprint. Nyekundu.

"Mbona anakaa hivi?" akauliza.

Hapo ningesema sijui. Nikasema, "Mama, picha imezeeka. Rangi imeisha."

Akaichukua ile ya zamani. "Basi ni mimi. Niliiweka kwa dirisha, jua ikaipiga miaka yote hiyo."

Ile ya harusi ilikuwa mezani, nimeifunika na gazeti.

Mazishini nilienda. Kila aliyefungua eulogy aliguna, naye akawa anawaambia mmoja mmoja, "Mnisamehe, ni mimi niliharibu picha." Shemeji yake mmoja akamwambia, "Hata picha moja ilikushinda kutunza?"

Nilikuwa nimesimama karibu. Nikaangalia viatu vyangu.

Jumatatu nikatulia, nikapitia settings moja moja. Version mpya ilikuwa inarekebisha rangi kabla ya kuprint, na printa nayo inarekebisha tena kama zamani. Ni kama watu wawili kutia chumvi kwa sufuria moja bila kuambiana. Nikazima moja. Dakika tano tu, wakuu. Nikaprint tena, mzee akatoka safi, hata mvi zinaonekana.

Nikampelekea Kalimoni na baiskeli. Niliendesha nikipanga maneno ya kuomba msamaha.

Akaishika picha na mikono miwili. "Kumbe wewe ni fundi hivi. Mungu akubariki, kijana."

Ndipo nikaona ukuta wa sebule uko wazi, misumari mitupu. Alikuwa ametoa picha zote, za watoto, za harusi yake. Akafungua sanduku la chuma, akaweka na hiyo mpya chini kabisa. "Hapa jua haitafika."

Nikanywa chai yake, nikarudi Ruiru.

Ukifanya update, weka ya zamani kando na ujaribu na picha yako mwenyewe kwanza. Hilo ni rahisi, utalizoea. Kusema "nimekosea mimi" ndiyo ngumu, na mimi sikuwahi kumwambia mpaka akafa.

Kama kuna mteja umemwachia kosa lako na bado yuko hai, niambie hapa unangoja nini. Sitakucheka.