Mwanamke Aliyemwachisha Mume Wangu Nyama

Nilimchukia yule sista kabla sijamwona. Jioni hiyo mume wangu alirudi kutoka bandarini, alikokuwa karani wa mizigo ya mashua zinazoteremka Nile kwenda kaskazini. Nikampakulia nyama kavu niliyoipika kwa karanga, vile anavyoipenda. Akaisogeza sahani kando akasema sista amekataza.

Ndipo nikaelezwa. Daktari alikuwa amemkuta na presha ya kutisha, akampa vidonge, kisha akamwelekeza kwa huyo sista, muuguzi mmoja Mganda aliyekodi nyumba mtaa wa Nyakuron na kusimamia watu waliotaka kusafisha mwili kwa chakula. Walikwenda kwake asubuhi kabla ya kazi, wakapimwa presha na uzito, wakapewa juisi ya bitiruti, uji wa wimbi usio na sukari, na mboga za kuchemsha zisizo na chumvi. Nyama hapana. Soda hapana. Hata ile shai, chai ya vibandani mtaa wa Hai Jalaba, inayojazwa sukari mpaka kijiko kinasimama, hapana.

Mimi nilikuwa nimemwomba mambo hayo hayo miaka nenda miaka rudi. Tulilelewa Kenya sote wawili, tukaoana huko, na nchi yetu ilipopata uhuru tukarudi Juba na watoto na magodoro juu ya lori. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa kuchinja. Kila ndugu aliyetupokea alichinja, na mume wangu akanenepa hata pete ikagoma kutoka kidoleni. Nikimsihi apunguze, alicheka. Alisema amekula maharagwe ya kambi ya wakimbizi utoto wake wote, nimwache ale uhuru wake. Sasa mwanamke wa kando ametamka neno moja, na mwenzangu anaikwepa sukari kama sumu.

Nikasema magoti yananiuma, nami nijiunge.

Nilitarajia kumkuta msichana mrembo. Nikakuta mama wa umri wangu, mnene kidogo, amevaa kandambili, ana pengo mbele. Hilo liliniuma zaidi. Angekuwa mrembo ningejua napigana na nini. Alimfunga mume wangu kile kitambaa cha mashine mkononi, naye akafumba macho, ametulia kabisa. Kisha sista akamwambia presha yake leo iko muzuri, na mzee mzima akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa darasani. Mimi aliniambia nina haraka, ninywe polepole.

Nilishinda na njaa, kichwa kikiuma, nikiwatazama. Mume wangu alipungua. Wenzake bandarini wakamsifu, akatoboa mshipi wake matundu mapya kwa msumari. Nyumbani kila sentensi ilianza na sista amesema. Nikaanza kuamka mapema nimtengenezee juisi mwenyewe, nikaitia tangawizi, na nilijua ilikuwa tamu kuliko ya kule. Akainywa, akashukuru, akachukua boda boda kwenda Nyakuron.

Siku moja nilibaki nyuma yeye alipoondoka kwenda kazini. Sista alikuwa akiosha bilauri. Nikamuuliza, "Ulimwambia nini mume wangu hata akakusikia?"

"Mimi hapana sema kitu, mama," akajibu bila kugeuka. "Mimi iliuliza tu baba yake ilikufa na nini."

Akaendelea kunieleza, akidhani ninajua. Baba mkwe alianguka kambini, kwenye foleni ya chakula, mume wangu akiwa mtoto amemshika mkono. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukafungwa, na siku chache baadaye akafariki. Presha. Mimi katika ndoa yangu yote niliambiwa mzee alikufa vitani akiwa mwanajeshi, na hivyo ndivyo nilivyowasimulia watoto wangu.

Sista alipoona uso wangu aliweka bilauri chini. "Kumbe wewe hapana jua," akasema. "Mama, nisamehe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ningewafumania kitandani ningejua la kufanya, ningepiga kelele majirani waje. Lakini kile mume wangu alichompa yule mwanamke hakikuwa na jina. Nimemzalia watoto, nimemuuguza malaria, na neno lile alilipeleka kwa mgeni, wakiwa na bilauri ya bitiruti katikati yao. Sikumgusia. Nilijinunia tu, naye akadhani ni njaa.

Halafu ikaja Desemba ya risasi, mapigano yalipozuka mjini. Tulijifungia ndani, tukalala sakafuni kwenye korido pamoja na watoto, magodoro yameegemezwa madirishani. Mboga ziliisha, ukabaki unga, na vidonge vyake vilikuwa vichache. Mchana mmoja milio ilipopungua kidogo na watoto wakasinzia, alinishika mkono.

"Baba hakufa vitani," akasema.

Nikamwacha asimulie. Foleni, jua, mkono wa baba yake ulivyolegea ndani ya wake. Alisema aliona aibu, kwa kuwa watoto wengine kambini baba zao walikufa wakipigana, na wake alianguka akisubiri unga. Alisema anaogopa kuanguka hivyo mbele ya wanetu. Nililia kwa kweli, nikamkumbatia. Lakini nilisikia pia jinsi maneno yalivyomtoka bila kukwama, na nikajua yanatoka hivyo kwa kuwa yalishapita njia hiyo mara moja, Nyakuron.

Mabasi ya kwenda Uganda yalipoanza kuondoka, sista alipita kwetu kuaga. Alileta mashine yake ya kupimia presha, akanikabidhi mimi, akanifundisha kuifunga, akanionya vidonge visikatizwe hata kama juisi haipo. Mume wangu alisimama langoni mpaka boda boda yake ikapotea.

Hakuanguka. Yupo, amekonda, na nyama anaionja sikukuu tu. Sista hupiga simu mara moja moja kutoka kwao. Mume wangu hutoka kwenda uani kuongea, namsikia akicheka, nami huacha ninalofanya nisikilize. Kisha huniletea simu, maana sista hutaka kujua nami ninakula nini. Mimi humjibu kwa adabu, na simwambii yote.